"Mmenizimia tena?": chaneli za bure za mzee zimekwenda wapi

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Naishi Makorora, Tanga, na baba yangu mwenye miaka 79. Tuna king'amuzi cha antena tulichonunua zamani tukaambiwa chaneli za bure hazikatwi, na kingine cha dishi ninachokilipia kwa ajili ya mpira. Tangu mwezi uliopita baadhi ya chaneli za nyumbani zimepotea kwenye antena. Kwenye dishi, kifurushi kikiisha hata kwa siku moja kinazimwa kila kitu, hata taarifa ya habari. Halafu mechi za ligi zimepelekwa kifurushi cha juu katikati ya mwezi niliokwisha kuulipia. Mdogo wangu aliyeko Dar alitupa paswedi ya apu yake ya filamu, sasa inakataa, inasema sisi si wa nyumba ile. Bando la wiki linaisha kwa mechi moja. Fundi wa Ngamiani ananiuzia kisanduku anachosema kinafungua chaneli zote bure maisha. Baba anasogea hadi puani mwa TV na kila jioni anauliza, 'Mmenizimia tena?' Naona tunaibiwa. Ni haki hii? Nikinunue hicho kisanduku?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Mfikishie mzee salamu zangu, na umwambie swali lake la jioni nimelisoma mara mbili.

Umeniletea mambo matano kwa mkupuo mmoja, na naelewa kwa nini yamekuwa donge moja kifuani. Kwa aliyetoa pesa yote yanafanana: nimelipa, kimezimwa. Lakini kila moja lina chanzo chake. Moja ni sheria, jingine biashara, jingine bando, na mojawapo, nina shaka kubwa, ni kutu ya bahari iliyoko juu ya paa lako. Ukiyachanganya utatoa pesa mahali ambapo bisibisi ingetosha, na utanyamaza mahali ambapo ungestahili kulalamika.

Kuhusu kisanduku, usikinunue. Sababu nitazieleza nikifika hapo, lakini jibu ulipate mapema fundi asije akakuwahi.

Sasa twende taratibu. Picha inafika sebuleni kwako kwa njia tatu. Ya antena inatoka kwenye mnara uliosimama ardhini. Ya dishi inatoka kwenye setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya mstari wa ikweta. Ya apu inapita kwenye mtandao wa simu. Kila njia ina mwenyewe, ina leseni yake, na neno "bure" lina maana tofauti katika kila moja. Watu wengi wanaokuja kwangu wamekasirika hawajui picha iliyopotea ilikuwa inapita njia ipi, kwa hiyo hata wanapolalamika wanabisha hodi mlango usio wao.

Mzee wako atakumbuka zama za chenga. Televisheni ya Zanzibar ilianza 1973, bara tukasubiri hadi 1994 ndipo ITV ikaja, na watu wa pwani hii walikuwa wanainua antena kwenye milingoti mirefu wakinasa chochote kilichopita. Mawimbi yakiwa dhaifu, picha ilijaa chenga lakini ulitazama. Kisha nchi zikakubaliana Geneva mwaka 2006 kuachana na mfumo huo wa analojia, na mwisho ukapangwa kuwa tarehe 17 Juni 2015. Sisi hatukusubiri. Dar es Salaam ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na Tanga pamoja na Dodoma zikafuata tarehe 31 Januari 2013. Sababu ilikuwa nzuri: masafa yaliyokuwa yakibeba chaneli moja tu sasa yanabeba kumi na zaidi, na masafa yaliyobaki wazi yakapewa intaneti ya simu.

Kilichobadilika kimyakimya siku ile, na ambacho hakikuelezwa vya kutosha mitaani, ni kwamba kituo cha televisheni kiliacha kuwa mwenye mnara. Zamani kituo kilirusha chenyewe. Leo kituo kinatengeneza vipindi, halafu kampuni nyingine yenye leseni ya kusafirisha inavibeba, nacho kinailipa kwa kubebwa. Kwa hiyo chaneli inaweza kupotea hewani ilhali kituo kiko hai na watangazaji wako studio, kwa kuwa tu kuna tatizo kati ya kituo na mbebaji. Wewe mtazamaji huna kosa lolote, na king'amuzi chako ni kizima.

Uliyoambiwa dukani kuhusu king'amuzi cha antena yalikuwa na ukweli. Chaneli za ndani zenye leseni ya kutazamwa bila malipo zinatakiwa zionekane kwenye antena hata kama hujalipia kifurushi. Hilo ni sharti la leseni, si hisani ya kampuni. Ila ahadi hiyo inahusu antena. Dishi lina utaratibu mwingine, na hapo ndipo watu wengi wanapoanguka.

Mwaka 2018 TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ilizizuia kampuni za dishi kubeba chaneli za ndani za bure, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuwaruhusu na kwamba haikuwa sawa mwananchi kulipishwa kwa kitu kilichotolewa bure. Nakumbuka simu zilivyoniwakia wiki ile, watu wanadhani madishi yamepinda. Baadaye chaneli hizo zilirudi kwenye madishi kwa utaratibu mwingine wa leseni, na kwako wewe zimerudi zikiwa ndani ya kifurushi. Ndiyo maana kifurushi kikilala, taarifa ya habari nayo inalala. Usilitegemee dishi kwa taarifa ya mzee. Taarifa ya mzee ikae kwenye antena.

Na antena yako, basi, imepatwa na nini?

Kabla ya kumlaumu mtu, kaa mbele ya TV, weka chaneli iliyopotea, usome maneno yaliyoandikwa kwenye kioo. Ukiona "hakuna mawimbi", au picha inakatika vipandevipande huku sauti ikikwaruza, tatizo liko kati ya mnara na king'amuzi chako, yaani antena, waya, vichwa vya waya au upande ulikoelekea. Ukiona maneno ya kukutaka ulipie, au kwamba chaneli imefungwa, mawimbi yanafika vizuri na aliyekufungia ni kampuni. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Kama chaneli inayodai malipo ni ya ndani na ya bure, na king'amuzi ni cha antena, una kesi nzuri ya kulalamika.

Kuna kipimo kingine. Chaneli husafiri kwa mafungu, fungu zima likiwa kwenye masafa yake. Andika kwenye karatasi zilizopotea na zilizobaki. Zikiwa zimepotea kadhaa pamoja siku moja, na nyingine ziko safi kabisa, basi ni fungu zima limekukosa. Hapo kuna mawili: ama fungu limehamishiwa masafa mengine na king'amuzi kinahitaji kutafuta chaneli upya, ama waya wako umechakaa. Waya uliochakaa hupoteza zaidi masafa ya juu, kwa hiyo mafungu ya juu ndiyo yanayotangulia kuondoka. Katika mfumo huu wa sasa hakuna chenga za kukuonya. Picha inabaki safi hadi mawimbi yafike kiwango fulani, yakishuka chini yake kidogo tu, inakatika. Mtu analala chaneli ziko safi, anaamka hazipo, anaapa amezimiwa.

Mwaka juzi nilipanda paa la nyumba moja Raskazone, karibu kabisa na bahari. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kununua king'amuzi cha pili, kwa sababu fundi alimwambia cha kwanza kimepitwa na wakati. Nilipofungua kichwa cha waya kinachoingia kwenye antena, ule uzi wa shaba wa katikati, unaotakiwa kung'aa kama senti mpya, ulikuwa wa kijani, umevaa unga unaosagika ukiugusa kwa kucha. Nilipokunja waya likadondoka tone la maji. Nikakata sentimita 20 hivi, nikamenya upya, nikafunga kichwa kipya na kukizungushia utepe wa mpira hadi chini. Kabla sijamaliza kushuka ngazi nilisikia wajukuu wakipiga kelele ndani. Ving'amuzi vyote viwili vilikuwa vizima. Kilichoharibika kilikuwa na thamani ya shilingi mia chache.

Makorora haiko ufukweni kama Raskazone, lakini upepo wa bahari wa mji wetu hauchagui mtaa. Ukinusa chumvi asubuhi, na waya wako unainusa. Kwa hiyo anza na vichwa vya waya. Baada ya hapo angalia antena za majirani zimeelekea wapi, ulinganishe na yako, maana upepo wa kusi huzisukuma kidogo kidogo. Kisha ndipo uende kwenye menyu na kutafuta chaneli upya. Usianze na kutafuta upya wakati mawimbi ni mabovu. King'amuzi kitafuta orodha yote ya zamani na kuandika kile kidogo kinachokiona wakati huo, na utabaki pabaya kuliko ulipokuwa. Kama TV yako ni mpya, tazama pia nyuma yake au kwenye kijitabu chake kama imeandikwa DVB-T2, yaani mfumo wa kunasa matangazo ya antena ya sasa. Nyingi zina kipokezi hicho ndani. Chomeka waya wa antena moja kwa moja kwenye TV ujaribu. Ikinasa chaneli za ndani zisizofungwa, mzee atabaki na rimoti moja tu mkononi, na kwa mtu wa miaka 79 hilo si jambo dogo.

Ila kupanda paa, mwanangu, usipande wewe kama hujazoea. Mabati ya kwetu yameliwa na chumvi kama waya zilivyoliwa, na nyumba nyingi za Makorora nyaya za umeme zinapita karibu na paa. Tafuta fundi, simama chini, na umwombe akushushie kile kichwa cha waya alichokikata ukione kwa macho yako. Fundi wa kweli hatakataa. Anayekwambia "nunua kipya" bila kupanda juu, mshukuru umwage.

Twende kwenye dishi na mpira.

Kifurushi si LUKU. Hili nalirudia kwa kila mteja. Umeme wa LUKU usipoutumia yuniti zako zinakungoja. Kifurushi cha TV kinahesabu siku. Ukilipa Jumatatu ukasafiri kwenda Pangani wiki mbili na king'amuzi kimezimwa, siku zimekwenda. Kuna watu wanachomoa king'amuzi mchana "kisile kifurushi". Wanajiumiza bure. Tena wanajiletea tatizo jingine: ukilipa, kampuni haigusi king'amuzi chako moja kwa moja. Inatuma ujumbe hewani kupitia setilaiti, unaoiambia kadi yako namba fulani kwamba inaruhusiwa kufungua. Picha zenyewe zimefungwa kwa funguo zinazobadilika kila baada ya sekunde chache, na kadi isiyo na ruhusa haiwezi kuzifungua. Ujumbe ule ukipita wakati king'amuzi kimezimwa, kimeukosa hadi urudiwe. Kwa hiyo ukilipa, kiache kimewaka kwenye chaneli mojawapo ya hicho kifurushi kwa nusu saa kabla ya kuanza kupiga simu.

Kuhusu mechi kupanda bei, nikueleze kwa nini inatokea, halafu niseme mahali ambapo naona umekosewa. Mpira unauzwa kama nyumba ya kupanga, kwa mkataba wa muda. Ligi Kuu yetu, kwa mfano, Azam Media na TFF walitia saini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Mwenye haki hizo ndiye anayeamua mechi ionekane wapi, na kituo cha bure hata kikitaka kumpa mzee wako mechi ya Coastal Union hakiwezi bila kupewa ruhusa. Pesa zile zinatakiwa zirudi, na zinarudi kupitia vifurushi. Hilo nalikubali, maana klabu zetu nazo zinakula humo humo.

Lakini kukuuzia kifurushi tarehe 1 chenye mechi ndani yake, kisha tarehe 15 mechi zikahamishwa bila wewe kuambiwa kabla ya kulipa, hilo silikubali na sitalitetea. Ulinunua siku 30 za kitu ulichokijua. Maandishi madogo yanayopita chini ya kioo saa tano usiku si taarifa kwa mteja. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za mawasiliano za mwaka 2018 zinamtaka mtoa huduma atoe maelezo ya wazi na kamili kuhusu huduma na bei zake. Kwa hiyo una la kusema, na usiseme barazani tu.

Fanya hivi. Tafuta ujumbe wa malipo kwenye simu yako, wenye tarehe na kiasi. Andika jina la kifurushi, mechi ulizotarajia, na siku zilipoondoka. Piga picha kioo kinavyosema sasa. Nenda ofisini kwao au kwa wakala wao wa mjini ukiwa na karatasi hiyo, na usiondoke bila namba ya lalamiko. Wakikuzungusha, lipeleke TCRA, ukieleza kwamba ulianzia kwao na namba ni hii. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusimama upande wako. Nimeona watu wakirudishiwa siku zao kwa karatasi moja iliyoandikwa vizuri, na nimeona wengine wakipiga simu mara kumi kwa hasira bila kupata kitu, kwa sababu hapakuwa na maandishi yoyote.

Na usilipie miezi mingi kwa mkupuo hata ukipewa punguzo, isipokuwa wamekuhakikishia kwa maandishi kwamba kilichomo kitabaki. Ligi ikiwa mapumzikoni, dishi lipumzike nalo. Halitaharibika.

Apu ya mdogo wako ni habari nyingine kabisa, na hapa sitakwambia umeibiwa. Kwa miaka mingi kampuni za kutiririsha filamu zilifumbia macho kuazimana paswedi, kwa kuwa zilitaka watu wazoee. Upepo ukageuka. Katika miezi mitatu ya kwanza ya 2022 Netflix ilipoteza wateja 200,000, jambo lililokuwa halijaipata kwa zaidi ya miaka kumi, na wenye hisa wakaanza kudai faida badala ya idadi ya wateja. Novemba mwaka huo ikaleta kifurushi chenye matangazo ya biashara katika baadhi ya nchi, na Mei 2023 ikasambaza katika nchi nyingi sheria kwamba akaunti moja ni ya kaya moja. Jirani zetu wa Kenya walipewa mpango wa bure wa kutazama kwa simu za Android Septemba 2021, na Novemba 2023 ukafungwa. Nyingine nazo zimefuata njia hiyo hiyo: kwanza rahisi, kisha matangazo, kisha bei.

Apu inajuaje kwamba Makorora si nyumbani kwa mdogo wako? Inaangalia anwani ya mtandao mnaotumia, kifaa chenyewe, na mienendo ya akaunti. TV iliyoko Dar kila usiku na TV iliyoko Tanga kila usiku, kwenye mitandao miwili, haziwezi kuwa sebule moja. Hakuna ujanja wa halali wa kulikwepa hilo. Ama mdogo wako aongeze malipo kama huduma yake inaruhusu mtu wa ziada, ama mfungue yenu ya bei ya chini, ya simu, ama muiache. Kwa hali uliyonieleza, mimi ningeiacha kwanza.

Bando nalo lina hesabu yake. Netflix yenyewe inasema picha ya kiwango cha chini inakula takriban GB 0.3 kwa saa, ya kati GB 0.7, na ile ya HD inaweza kufika GB 3. Chukua mechi pamoja na mapumziko na maneno ya wachambuzi, ni saa mbili. Ukiiacha apu ijichagulie kiwango, nayo kwa kawaida huchagua kikubwa kadiri mtandao unavyoruhusu, unaweza kumaliza GB 6 kabla ya filimbi ya mwisho. Bando la wiki litatoka wapi? Ingia kwenye mipangilio ya apu, ondoa ile ya kujichagulia, weka cha chini au cha kati. Kwenye simu macho hayataona tofauti kubwa. Kwenye TV utaiona, na hapo uamue mwenyewe.

Sasa kisanduku cha "bure maisha". Hakuna kampuni iliyotoa ruhusa hiyo. Kinachofanya kazi humo ni mtu mahali fulani anayechukua matangazo ya kulipia na kuyamwaga kwenye intaneti. Siku akikamatwa, au mitambo yake ikizimwa, maisha yameisha, na fundi wa Ngamiani hatakurudishia shilingi. Pia kinakula bando lile lile unalolililia, maana picha zake zinapita mtandaoni. Lakini kinachonitisha zaidi ni kilichomo ndani. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu virusi vinavyoitwa BADBOX 2.0, vinavyokutwa kwenye visanduku vya TV vya bei rahisi. Vingine vinatoka navyo kiwandani, vingine vinaambukizwa pale unapoweka apu zake za mwanzo. Kikishaingia kwenye mtandao wa nyumbani, wahalifu wanaweza kuutumia kwa mambo yao kupitia jina lako. Na mtandao huo huo ndio unaobeba simu yako yenye pesa zako. Kwa mechi mbili tatu? Hapana, mwanangu.

Ukiniuliza ningefanya nini katika nyumba yenu, ningetenganisha haja ya mzee na haja ya mpira, maana kuzifunga pamoja ndiko kunakokugharimu. Pesa ya kwanza iende kwenye antena: vichwa vipya, waya kama umeoza, na fundi wa kupanda. Ukishatengeneza vizuri inaweza kukaa miaka bila kudai kitu. Dishi lilipie mwezi kwa mwezi, miezi ile tu ambayo mechi unazozitaka zipo, baada ya kuuliza kwa wakala siku ile ile: mechi hizi ziko kifurushi gani leo? Mechi kubwa moja moja, kibanda umiza, pale mnapotazama pamoja kwa kiingilio, bado kipo, na Coastal Union ikicheza Mkwakwani tiketi huenda ikakutoka nafuu kuliko kifurushi. Mpeleke mzee siku moja akijisikia. Mwaka 1988 Coastal ilipochukua ubingwa alikuwa na miaka arobaini na ushei, ana mengi ya kukuonyesha pale jukwaani. Siku asizoweza kutoka, TBC Taifa redioni haidai kifurushi.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita, na nisingependa lipite. Umesema anasogea hadi puani mwa TV. Huenda ni mazoea ya zama za chenga. Lakini mtu wa miaka 79 anayehitaji kukaribia hivyo anastahili kupimwa macho. Ikiwa ni mtoto wa jicho, hutibika kwa upasuaji mdogo. Mpeleke hospitali ya Bombo wamwangalie. Nimewahi kubadilisha TV ya mzee mmoja mara mbili kabla hatujagundua kwamba picha ilikuwa safi tangu mwanzo.

Leo jioni, kabla ya saa mbili, kaa naye, weka king'amuzi cha antena, pitia chaneli moja baada ya nyingine, na uandike maneno yanayotokea kwenye kila iliyopotea, kama yalivyo, neno kwa neno. Ukipata "hakuna mawimbi", karatasi hiyo mpe fundi kabla hajapanda. Ukipata madai ya malipo kwenye chaneli ya ndani ya bure, karatasi hiyo hiyo ndiyo ya kupeleka ofisini kwa kampuni ya king'amuzi hicho kesho asubuhi.